Pumzi ya Tope la Malambo

Tusekile alimkamata yule mwanamke kiunoni kwa mikono yote miwili, wakaanguka pamoja juu ya tuta.

“Niache! Anapumua! Mgongo wake unacheza, namwona!”

“Hapumui, dada. Maji ndiyo yanayomtikisa.”

“Niachie, nimesema!”

Aliyekuwa akipiga kelele aliitwa Atuganile, mkulima wa mpunga wa kitongoji cha Malambo. Alikuwa na mikono ya mtu aliyezoea jembe, na alimng’ata Tusekile mpaka damu ikamtoka, lakini Tusekile hakulegeza. Chini yao, ndani ya shimo la kalavati lenye kina cha futi kumi, walikuwa wamelala wanaume watatu. Wa kwanza alishuka kuzibua magugu yaliyoziba maji, akaanguka kabla hajainama. Wa pili alishuka kumtoa, naye akaanguka. Wa tatu, Ambwene, mume wa Atuganile, alivua viatu, akavipanga vizuri ukingoni, akashuka. Toka wa kwanza hadi wa tatu, hata maji ya chai yasingekuwa yamechemka.

Tusekile alikuwa ameitwa asubuhi ile kwa jambo dogo tu. Watu wa Malambo walimwambia kwa redio kwamba mpunga wao una mizizi myeusi, na matope yananuka mayai mabovu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa udongo wa bonde lote la Lyandembo, hivyo akachukua vipimo vyake akateremka. Alipokaribia kalavati harufu ilikuwa kali kiasi cha kumtoa machozi. Sasa, akiwa amelala juu ya tuta huku amemkumbatia mwanamke asiyemjua, hakuisikia tena. Hilo ndilo lililomtia baridi mwilini. Gesi ile ikizidi huanza kuua pua.

“Tunaondoka hapa,” alisema. “Tukae upande unaotoka upepo. Nyanyuka.”

“Na Ambwene?”

“Ukishuka, watoto wako watakuwa hawana baba wala mama.”

Atuganile aliacha kupigana. Bangili zake za shaba, alizovaa tangu siku ya harusi, zilikuwa zimegeuka nyeusi tii kama zimetolewa jikoni.

Walikuwa wamepiga hatua kama hamsini waliposikia mlio mzito nyuma yao. Kalavati lilikaa chini polepole, kama ng’ombe anayepiga magoti, na barabara iliyopita juu yake ikaingia majini pamoja nalo. Ile ndiyo iliyokuwa barabara pekee ya kwenda Malambo. Kitongoji chenyewe kilikuwa juu ya kilima kidogo katikati ya majaruba, nyumba tisini na kitu, maji ya mpunga yakiwa yamekizunguka pande zote. Ndani yake walikuwamo watu mia nne na kumi na wawili. Wawili kati yao walikuwa watoto wa Atuganile.

Tusekile aliokota kipande cha zege kilichorukia miguuni pake. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kikamomonyoka kama udongo wa kichuguu. Ndani kilikuwa cheupe na chenye unyevu. Alikigusisha ulimini kidogo, akatema haraka. Tindikali.

Alielewa kila kitu pale pale, na angetoa chochote asielewe.

*

Kibanda cha lango kuu kilikuwa mwisho wa bonde, mahali ambapo maji ya majaruba yote hutoka kuingia mtoni. Mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji, Erasto Sanga, alifika akihema. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuzoea mikutano.

“Nieleze kwa Kiswahili, Dokta. Si kile cha kwenye ripoti zako.”

“Chachu yetu inafanya kazi vizuri kupita kiasi,” Tusekile alisema.

Hakuna mtu wa Lyandembo asiyeijua chachu. Wazee walikumbuka miaka ya njaa ya manjano, baada ya dunia kuacha kuchoma makaa na mafuta. Kwa miaka mia mbili moshi wa viwanda ulikuwa umesambaza salfa angani, na mvua ikaishusha mashambani bure, bila mtu kujua kwamba analishwa na uchafu huo. Moshi ulipokoma, mvua ikawa safi. Viwanda vya kusafishia mafuta, vilivyokuwa vikiuza salfa ya mbolea, vikafungwa. Mimea ikaanza kuwa manjano kuanzia majani machanga, maharage yakakosa nguvu ya kumjenga mtoto, kwa sababu hakuna kiumbe kinachotengeneza nyama, nywele wala ukucha bila salfa. Ndipo walipotengenezwa bakteria wanaokula unga wa jiwe lenye chuma na salfa, na kuigeuza ile salfa kuwa salfeti, chumvi ambayo mizizi inaweza kuinywa. Watu wakawaita chachu. Mama yake Tusekile alikuwa mmoja wa waliowamwaga mara ya kwanza, kwa ndoo.

“Salfeti inayobaki mashamba ya juu haikai huko,” Tusekile aliendelea. “Inafuata maji. Inashuka Malambo. Kule chini ya maji ya mpunga, tope halina hewa, na ndani yake wanaishi bakteria wengine, wa zamani kuliko miti. Hao hawataki oksijeni. Wanaivuta salfeti kama mimi na wewe tunavyovuta hewa, na pumzi wanayotoa ndiyo gesi hii iliyoua watu watatu. Ikipanda kwenye zege lenye unyevu, wapo wengine wanaoigeuza kuwa tindikali. Ndiyo iliyokula kalavati.”

“Basi tuwatoe watu. Wapite majini kwa miguu.”

“Tope linafika mapajani. Kila hatua inatoboa mfuko wa gesi. Hawatafika katikati.”

“Mitumbwi?”

“Upondo unachimba tope vilevile. Hata kulaza mbao pengoni haiwezekani, gesi inabubujika pale pale. Sasa hivi upepo unavuma, unaifagia. Saa kumi na mbili jioni upepo utakufa. Utabiri unasema utulivu mpaka kesho asubuhi. Gesi hii ni nzito, itapanda kilima taratibu kama maji yanavyopanda kwenye beseni.”

Atuganile alikuwa amekaa mlangoni, magoti yameshikana. Alinyanyua uso.

“Si mna lango?” alisema. “Fungueni lango. Maji yatoke, barabara ionekane, watu wapite.”

Sanga alimtazama Tusekile. Ndilo alilokuja nalo hata yeye.

“Kwa saa sita yatakuwa yameshuka,” alisema. “Weka namba yako, yangu nimeshaiweka.”

Lango halikuwa likifunguka bila namba mbili za siri, ya mwenyekiti na ya mkuu wa udongo. Sanga alikuwa tayari ameshaingiza yake. Taa ya kwanza iliwaka kijani.

Tusekile hakusogea.

“Mwenyekiti, zege linaloshikilia lango hili limeliwa sawa na lile la kalavati. Nimelipima nilipofika. Tukilifungua, halitafungika tena.”

“Na lisifungwe!”

“Tope la Malambo ni jeusi kwa sababu limejaa chuma kilichoshikana na salfa. Likiwa chini ya maji limelala. Likipigwa na hewa linageuka tindikali, hekta mia tatu, na kila mvua itaisukuma mtoni miaka kumi, labda ishirini. Kabla ya hapo, maji haya haya yaliyojaa gesi yatafika Mkwaya leo usiku.”

Mkwaya ulikuwa mji uliokuwa kilomita arobaini chini ya mto. Watu elfu thelathini na moja. Hawakuwa na visima. Walichimba mara nyingi, wakapata maji ya chumvi tupu. Walikunywa mto.

“Mkwaya hawakunipigia kura,” Sanga alisema polepole. “Malambo walinipigia. Nawajua kwa majina. Yule bibi wa nyumba ya tatu alinipikia Jumapili iliyopita. Ukinitaka nichague, nimeshachagua.”

“Dokta,” Atuganile alisema. Alikuwa ameinuka. “Una watoto?”

“Sina.”

“Ndiyo maana.”



*

Tusekile alitoka nje na redio, akamwita msimamizi wa maji wa Mkwaya. Jina lake lilikuwa Mathayo Chilongani. Hawakuwahi kuonana, kwa miaka sita walikuwa wakipeana tu vipimo vya mto kila Jumatatu, na kila mara Chilongani alimalizia kwa kuuliza kama huku juu kumenyesha.

Alimweleza yote.

“Matangi yenu yana maji ya siku ngapi?” aliuliza.

“Mbili. Hospitali ina lake, siku tatu ukibana sana.” Chilongani alikohoa. “Baada ya hapo, Dokta, tunakunywa nini?”

“Sijui.”

“Tungehama. Mji mzima. Tuhamie wapi? Sisi wenyewe tulihamia hapa.”

“Najua.”

“Sasa mimi nikwambie nini? Nikuombe uwaache watu wako wafe? Siwezi kulitoa hilo mdomoni. Niko na mke wangu hapa, ananisikiliza.” Alishusha sauti. “Nakuomba kitu kimoja. Ukifungua, nipigie kabla. Nipate muda wa kuwaambia akina mama wajaze ndoo.”

Tusekile aliketi kwenye nyasi. Mkono uliong’atwa ulikuwa umeanza kuvimba. Kutoka pale aliona paa za Malambo, na watu wadogo kama mchwa wakisimama ukingoni mwa kilima, wakitazama pengo la barabara.

Misimu miwili iliyopita kamati ya skimu ilitaka mavuno ya tatu kwa mwaka. Walimwomba aongeze unga wa jiwe mara mbili. Aliandika ripoti, na ukurasa wa tisa wa ripoti hiyo ulisema wazi kwamba ziada ya salfeti itashuka majaruba ya chini. Wakampigia simu mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amechoka, mpunga ulikuwa unapendeza, watoto wa shule walikuwa wameanza kupewa mlo wa pili, na akasaini. Ukurasa wa tisa ulibaki ndani ya faili lake.

Kulikuwa na njia nyingine. Aliikwepa tangu asubuhi kwa sababu haikuwa na uhakika. Bakteria wa tope wakipewa naitreti huiacha salfeti, kwa maana naitreti huwapa nguvu zaidi. Na wapo wengine ambao wakiipata huila ile gesi yenyewe na kuimaliza. Ghala la skimu lilikuwa na tani mia na themanini za naitreti, mbolea ya msimu ujao wa bonde lote, chakula cha watu elfu tisini. Droni za kunyunyizia zilikuwa thelathini. Zingeweza kuimwaga kuzunguka kilima bila kugusa tope. Lakini bakteria hawabadili mlo kwa kuamriwa. Ingechukua saa kumi na mbili, labda kumi na nane. Upepo ulikuwa umebakiwa na saa saba.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: akifungua lango, Malambo wote wanatoka hai leo, na Mkwaya unakufa taratibu mbali na macho ya watu walio hapa. Asipofungua, bonde lake litaona njaa, na baadhi ya watu wa Malambo hawataiona asubuhi. Hakujua ni wangapi. Hakujua ni akina nani, isipokuwa alijua mama wa wawili wao, na mama huyo alikuwa hatua kumi kutoka pale alipoketi.

Alirudi kibandani.

“Sitoi namba yangu,” alisema. “Fungueni ghala.”

Atuganile alimrukia. Safari hii Sanga ndiye aliyemshika.

*

Saa nane mchana droni zilikuwa zikienda na kurudi kama nyuki. Watu wa vitongoji vya juu walipanga foleni kutoka ghalani, wakapokezana magunia, wakayamimina kwenye matangi ya maji na kukoroga kwa miti. Kila mmoja alijua anamimina nini. Mwanamume mmoja alikaa juu ya gunia lake akakataa kulitoa, akasema ana watoto sita, na hakuna aliyemtukana. Baadaye alilinyanyua mwenyewe. Sanga, aliyekuwa amesema kwamba Tusekile atajibu mbele ya mahakama, alivua koti, akaingia kwenye foleni.

Barakoa za gesi zilikuwapo kumi na tisa. Zilipelekwa zote na droni za kwanza.

Atuganile alikuwa na redio. Aliongea na binti yake, Ipyana, wa miaka kumi na miwili.

“Mama, bibi anasema tupande mnara wa tangi.”

“Pandeni. Juu kabisa. Nsajigwa yuko wapi?”

“Ninaye. Analia. Anamtaka baba.”

Atuganile alifumba macho. “Mwambie baba yuko huku na mimi.”

Halafu alimgeukia Tusekile. Ilikuwa mara ya kwanza aongee naye tangu lile la kibandani.

“Hizo ndege zinabeba kilo ngapi?”

“Kumi na mbili.”

“Waleteni watoto.”

“Wachanga tu ndio—”

“Basi leteni wachanga!”

Kila droni iliyobeba mtoto ilikuwa imeacha kumwaga naitreti. Tusekile alilifikiria hilo kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu, kisha akaamuru. Wachanga watano walivuka majaruba wakiwa wamefungwa kwa kanga kwenye vikapu vya mavuno, wakininginia juu ya mpunga wa kijani. Wote watano walifika wakilia kwa nguvu, na wale waliokuwa kwenye foleni walilia nao.

“Nsajigwa ana miaka minne,” Atuganile alisema. “Mwezi uliopita kliniki walimpima. Kilo kumi na tano.”

“Haitaweza.”

“Mjaribu.”

Walijaribu. Ipyana alimfunga mdogo wake kwa mikanda ya shule. Kupitia kamera ya droni waliona uso wa mtoto ukitazama juu, mdomo wazi, amesahau kulia kwa mshangao. Mapangaboi yalivuma kwa kishindo. Aliinuka hadi usawa wa magoti ya dada yake, akabembea, akashuka tena. Walifunga droni mbili pamoja, zikagongana, moja ikaanguka majini. Fundi wa droni, kijana wa watu, alisema anaweza kupunguza betri. Alipunguza. Droni ikainuka, ikaanza kulalia upande wa maji, na Ipyana akaudaka mguu wa mdogo wake akamrudisha chini.

“Basi,” Atuganile alisema kwenye redio. “Basi, mwanangu. Umefanya vizuri. Pandeni mnarani.”

“Mama, barakoa wametupa moja. Bibi amesema avae Nsajigwa.”

“Ndiyo. Mvishe.”

“Ni kubwa. Inaachia hapa shavuni.”

“Ikaze.”

“Nimeikaza, mama. Inaachia.”

Saa kumi na moja na nusu bendera ya kibanda cha lango ililegea, ikajifunga kwenye mti wake, ikabaki hivyo. Tusekile alitazama kipimo chake, kisha akatazama lango. Taa ya mwenyekiti ilikuwa bado inawaka kijani. Kilichobaki kilikuwa vidole vyake vinne na namba anayoijua. Atuganile alikuwa anamwangalia. Hakuomba tena. Alimwangalia tu, na kama angesema neno moja wakati ule, Tusekile aliamini hata miaka ya baadaye kwamba angefungua.

Hakusema. Aligeuka akarudi kwenye foleni ya magunia, na akafanya kazi mpaka giza lilipoingia, haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

*

Kulipopambazuka kipimo kilianza kushuka. Saa moja kilikuwa nusu. Saa mbili na robo upepo ulirudi, na wanaume wakaanza kulaza mbao juu ya pengo la barabara. Tusekile alitangulia akiwa na kipimo mkononi, kwa sababu hakutaka mtu mwingine atangulie.

Watu walikuwa juu ya mapaa, juu ya miembe, juu ya mnara wa tangi, wamebanana kama ndege. Wengi walikuwa wakikohoa, macho yamevimba hayafunguki. Walianza kushuka mmoja mmoja, wakiuliza nani yuko wapi.

Waliokufa walikuwa tisa. Wazee wanne waliokuwa hawawezi kupanda. Mwanamume aliyeshuka kumfuata mmoja wao. Mwanamke mwenye pumu. Mapacha wa miaka mitatu. Na Nsajigwa, kwenye ngazi ya juu kabisa ya mnara, mapajani mwa dada yake, barakoa usoni. Ipyana alikuwa ameishikilia ile barakoa shavuni kwa kiganja usiku kucha, lakini mapafu madogo huzidiwa kwanza. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi bibi yake amfungue kimoja kimoja.

Atuganile alipanda ngazi mwenyewe. Alimchukua mtoto, akashuka naye bila kusaidiwa, akapita mbele ya Tusekile bila kumwona.

*

Msimu uliofuata bonde la Lyandembo lilikuwa la manjano. Watu walikula mlo mmoja. Kamati ya uchunguzi ilikaa siku tatu, na siku ya pili Tusekile alisimama akausoma ukurasa wa tisa kwa sauti, kisha akaeleza jinsi alivyosaini. Walimvua ukuu wa udongo. Walimbakiza kama mfanyakazi wa kawaida, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua jinsi ya kulilaza tope la Malambo pasipo kuliamsha. Unga wa jiwe ulipunguzwa hadi robo. Kazi yake ilikuwa kupima maji kila jaruba, kila siku, na kurudi jioni miguu ikiwa imekunjamana.

Wengine walimsalimia, wengine hawakumsalimia. Mama wa wale mapacha aliwahi kumtemea mate sokoni, naye akajifuta, akaendelea kununua dagaa.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, alimkuta Atuganile amesimama juu ya tuta, kwenye njia yake. Alikuwa amekonda. Bangili hazikuwapo mkononi.

“Shikamoo,” Tusekile alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja. Hakujua aseme nini kingine.

“Sikuja kusalimiana.” Atuganile alitazama maji. “Nilikwenda Mkwaya.”

Tusekile alishusha kipimo chake.

“Nilitaka kuwaona. Nilisema niwaone hao watu ambao mwanangu amekufa kwa ajili yao, ili nijue wa kumchukia. Nilipanda lori la chumvi, nikashuka stendi, nikatembea. Mji mbaya. Vumbi. Watoto wamejaa kila mahali, wanapiga kelele, wanarushiana maji bombani, wanayamwaga tu chini. Nikasimama nikawaangalia. Nilitaka kuwapiga.”

Upepo ulipita juu ya mpunga, ukaulaza, ukauachia.

“Jua lilikuwa kali,” aliendelea. “Mwanamke mmoja aliniona nimesimama mlangoni kwake, hanijui, hakuniuliza natoka wapi. Akanikaribisha, akanipa maji kwenye kikombe cha bati.”

“Ukafanyaje?”

“Ningefanyaje? Nilikuwa na kiu. Nikanywa.” Alijifuta midomo. “Yalikuwa maji mazuri. Matamu. Nikamaliza kikombe, akaniongeza, nikanywa tena. Halafu nikalia hapo kwake mpaka akaita majirani.”

Tusekile alifungua mdomo. Atuganile akanyanyua mkono kumzuia.

“Sijakusamehe. Usije ukadhani nimekuja kwa hilo. Nikikuona njiani naona lile lango na vidole vyako. Labda itakuwa hivyo mpaka nife.”

“Ndiyo.”

“Lakini nimeona nikwambie kuhusu maji. Mtu mwingine wa kumwambia sina.”

Alijifunga kanga vizuri, akapita kwenye ukingo mwembamba wa tuta. Ilibidi Tusekile aingize mguu mmoja majini kumpisha. Tope lilimeza kifundo chake, baridi, na mapovu machache yakapanda taratibu yakapasuka. Alishusha kipimo karibu na maji, akabana pumzi, akasoma.